Nyumba za Mbao za Huku Washington: Rangi, Sumu, na Sasa Moto

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, na wale mnaofanya kazi za wodini mnanielewa. Leo sitaongelea baridi wala bili. Leo ni historia, tena historia ya kitu tunachopita mbele yake kila siku bila kukitazama: ukuta wa nje wa nyumba.

Kila nikituma picha za mtaa wetu nyumbani, swali ni lile lile. "Hivi kweli Marekani yote hiyo watu wanaishi kwenye nyumba za mbao?" Kwetu mtu akijenga kwa mbao tunasema bado anajipanga, tofali zitakuja baadaye. Huku ni kinyume. Ukitoka Silver Spring ukaenda mpaka Alexandria, nyumba nyingi, hata za wenye nazo, mifupa yake ni mbao. Ukuta wa nje nao ni mbao au kitu kilichotengenezwa kionekane kama mbao. Na zipo zilizosimama miaka 200 na zaidi.

Sasa basi, zimesimamaje? Mbao ina adui mmoja mkubwa, naye ni maji. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, fangasi wanaanza kula. Ni ndugu wa mbali wa wale tunaowatibu kliniki, ila hawa chakula chao ni mti. Na hali ya hewa ya hapa ni tamu kwao: kiangazi joto na jasho kama Dar mwezi wa Februari, kisha baridi linakuja na barafu inapasua kila ufa. Kila kizazi cha hapa kilitafuta dawa yake. Na kila dawa ilikuwa na bei yake. Ninachotaka mkione leo ni nani aliyelipa bei hiyo.

RAIS ALIYETAKA MAWE

Tuanze na nyumba ya mbao maarufu kuliko zote za eneo hili, Mount Vernon, kwa George Washington, kandokando ya mto Potomac upande wa Virginia. Ukiiona kwa mbali utaapa ni ya mawe. Matofali makubwa meupe yaliyochongwa, yamepangwa vizuri mstari kwa mstari. Sogea uguse. Ni mbao!

Mwaka 1758 Washington alipokuwa anaikarabati na kuinua nyumba ambayo alikuja kuirithi baadaye, hakuwa na mawe ya kuchonga. Akafunika kuta kwa mbao nene za msonobari zilizokatwa kingo zake kwa mshazari, ili kila ubao uonekane kama mawe kadhaa yaliyopangwa. Kisha zikapakwa rangi, na rangi ikiwa bado mbichi zikarushiwa mchanga. Mchanga ukashika, ukuta ukakwaruza mkono kama jiwe.

Mwaka 1799, miezi michache kabla hajafa, Washington alikuwa anajenga nyumba karibu na Bunge la Marekani. Alimwandikia William Thornton, mchoraji wa jengo la Bunge, akamweleza kwamba mchanga ule una kazi mbili: kuifanya mbao idumu, na kuifanya ifanane na jiwe. Angalieni mpangilio huo. Urembo upo, lakini kudumu kumetajwa kwanza. Rangi nzito yenye mchanga ilikuwa ngozi ya kuzuia maji.

Lakini ngozi hiyo inahitaji kufanywa upya. Inapasuka, inabanduka, maji yanaingia nyuma yake, na unaanza tena. Nani alianza tena? Mwaka huo wa 1799 shamba la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Seremala, wapasua mbao, wabeba mchanga, wengi walikuwa watu waliomilikiwa. Nyumba ya mbao ilidumu kwa sababu kulikuwa na mikono isiyolipwa ya kuitunza. Mwenyewe alipofariki na watumwa kuachiwa huru au kugawanywa kwa warithi, nyumba ilianza kuchakaa. Ilipofika miaka ya 1850 ilikuwa na hali mbaya, mpaka chama cha akina mama kikainunua mwaka 1858 na kuanza kuiokoa. Wanaitunza mpaka leo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ilikuwa rangi, na bei yake ilikuwa jasho la mtumwa.

MBAO BILA RANGI

Turuke karibu miaka 180 mbele, kilomita chache tu kutoka hapo. Mwaka 1939 mwandishi wa habari wa gazeti la Evening Star la Washington, Loren Pope, alimwandikia barua msanifu majengo Frank Lloyd Wright, akimwomba amchoree nyumba ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimudu. Wright akakubali. Nyumba ikajengwa Falls Church, Virginia, mwaka 1940 hadi 1941. Ukubwa wake futi za mraba 1,200, gharama kama dola 7,000.

Kuta zake ni mbao za msipresi, zimelazwa kwa ulalo ndani na nje, bila rangi hata tone. Wright aliweza kufanya hivyo kwa sababu msipresi wa vinamasi vya kusini mwa Marekani, ule wa zamani, una kiini chenye mafuta yake ya asili yasiyopendwa na fangasi. Mti wenyewe ulijitibu ukiwa bado hai. Ni kama mvule au mninga kwetu: fundi anakwambia chukua kiini, achana na ile mbao nyeupe ya pembeni.

Nyumba hiyo iko mpaka leo, inaitwa Pope-Leighey. Miaka ya 1960 barabara kuu namba 66 ilikuwa inapita juu yake. Mama mwenye nyumba, Marjorie Leighey, akaitoa kwa shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kale. Ikafunguliwa vipande vipande, ikahamishiwa Woodlawn, karibu kabisa na Mount Vernon. Mama akarudi akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1983. Unaweza kwenda kuitembelea. Mimi nawashauri muone nyumba zote mbili siku moja, mbao iliyojificha asubuhi na mbao iliyo wazi mchana.

Bei ya dawa hii ya pili? Misitu. Miti ile ya msipresi ilikuwa ya mamia ya miaka, na kampuni za mbao ziliikata kwa kasi kuanzia mwisho wa karne ya 19. Msipresi mdogo wa leo una kiini kidogo na haudumu kama babu yake. Huwezi kumwambia mti uharakishe miaka 500. Aliyelipa hapo ni yule ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Wale mnaokumbuka mvule ulivyokuwa mwingi, na leo mnauona kwenye milango ya mzee tu, nadhani hamhitaji maelezo zaidi.

DAWA YA KIJANI

Sasa nafika mahali ambapo historia ya mbao inaingia kwenye kazi yangu.

Mwaka 1933 huko India mhandisi Sonti Kamesan alibuni dawa ya mbao iliyochanganya shaba, kromi na aseniki. Shaba inaua fangasi, aseniki inaua wadudu, kromi inazishikilia zote zisitoke na mvua. Mbao inawekwa kwenye pipa kubwa la chuma, hewa inafyonzwa, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo mpaka ndani. Inatoka na rangi ya kijani kibichi.

Ndugu zangu, ilifanya kazi! Msonobari wa bei rahisi, uliokua miaka 20 tu, ukaweza kukaa ardhini miongo mingi bila kuoza. Dunia nzima ikaipokea. Kuanzia miaka ya 1970 Wamarekani wakajenga nayo baraza za nyuma ya nyumba, ngazi, uzio, meza za bustani, na viwanja vya kuchezea watoto. Ukienda bustani yoyote ya Maryland miaka ya 1990, bembea na ngazi za mbao zilikuwa za kijani hicho.

Lakini aseniki ni aseniki. Wauguzi tunafundishwa: ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ngozi na neva, na inaleta saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Na mtoto wa miaka miwili anafanya nini akishika ngazi? Anashika, kisha anaweka vidole mdomoni. Ndivyo walivyo, wa Bethesda na wa Buguruni. Utafiti ukaonyesha aseniki inatoka juu ya mbao na kushika mikononi, na inaingia kwenye udongo chini ya baraza.

Kulikuwa na onyo la mapema zaidi. Mwaka 1984 madaktari waliandika kwenye jarida la chama cha madaktari cha Marekani habari za familia ya watu 8 ya kijijini Wisconsin. Kila kipindi cha baridi, kwa miaka kadhaa, waliugua: vipele, kifua, nywele kunyonyoka, watoto kupata degedege. Kiangazi wanapata nafuu, baridi likirudi wanaugua tena. Ikaja kugundulika kwamba walikuwa wanawasha jiko la kuotea moto kwa mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ile. Moto unaichoma mbao, lakini aseniki hauiteketezi. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu.

Hatimaye Februari 2002 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba watengenezaji wamekubali kuacha kutibu mbao za majumbani kwa dawa hiyo. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2003. Ulaya nayo ikabana mwaka 2004. Nguzo za umeme na kazi nyingine za viwandani ziliruhusiwa kuendelea. Lishikeni hilo la nguzo, nitalirudia.

KUPIKA MBAO

Hapo ndipo mlango ukafunguka kwa wazo lililokuwa limelala kabatini. Wazo lenyewe: badala ya kutia mbao sumu, ipike.

Mmarekani Alfred Stamm na wenzake, kwenye maabara ya serikali ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, walilijaribu zamani. Mwaka 1946 waliandika kuhusu mbao walizozizamisha chini ya madini yaliyoyeyuka kwa moto. Mbao zilitoka zikiwa hazivimbi sana kwa maji na haziozi haraka. Ila zilipungua nguvu, na biashara haikuwaka.

Miaka ya 1990 Wafini wakalichukua. Finland ina msonobari hadi basi, lakini haina mvule. Kituo chao cha utafiti, VTT, kikatengeneza njia ya kutumia tanuri na mvuke. Mbao inakaushwa kwanza mpaka unyevu karibu uishe. Kisha joto linapandishwa: nyuzi 190 kwa mbao inayotakiwa isicheze na kupinda, nyuzi 212 kwa inayotakiwa kudumu nje. Inakaa hapo saa mbili au tatu. Mvuke unazuia hewa ya oksijeni, kwa hiyo mbao haiwaki. Halafu inapozwa taratibu na kurudishiwa unyevu kidogo. Inatoka kahawia kama maandazi yaliyoiva, mpaka katikati, siyo juu tu. Waliiita ThermoWood, na chama cha watengenezaji kikaundwa mwaka 2000.

Wenzangu wa hospitali, mnaona kinachofanana? Ile mashine yetu ya kuchemshia vifaa vya upasuaji inatumia mvuke wa nyuzi 121 au 134. Sisi tunaua vijidudu vilivyopo. Hawa wanakwenda mbali zaidi, wanabadilisha mbao yenyewe. Ndani ya mti kuna sukari zilizofungamana ambazo zinavuta maji na ambazo fangasi wanazipenda. Joto linazivunja. Mbao inabaki inavuta karibu nusu tu ya unyevu iliokuwa inavuta, na fangasi anakuta meza haina chakula. Hakuna aliyepewa sumu. Amenyimwa ugali tu!

Hapa Washington na vitongoji vyake sasa utaona kwenye nyumba mpya na maghorofa mbao za kahawia zilizopangwa vizuri kwenye ukuta wa nje. Nyingi zinazouzwa Marekani siyo hata za Finland. Ni miti ya hapa hapa: msonobari, ile wanayoita yellow poplar inayoota kila bonde la Maryland na Virginia, na ash. Huu ash una habari ya kusikitisha. Mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na mwaka uliofuata akaonekana Prince George's, kaunti wanayoishi wengi wetu. Ameua ash kwa mamilioni. Mti huo ukiachwa nje bila dawa unaoza haraka sana, lakini ukipikwa unaweza kuvaa ukuta.

MBAO HII SIYO MUUJIZA

Nisije nikaonekana nauza mbao, ha ha. Dawa hii nayo ina bei. Tanuri linakula nishati, na mbao inauzwa ghali kuliko msonobari wa kawaida. Inakuwa kavu na nyepesi kuvunjika, kwa hiyo haifai kubeba paa wala sakafu ya ghorofa. Fundi anatakiwa atoboe kwanza kabla ya skrubu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Isiguse udongo. Nyuma yake iachwe nafasi hewa ipite.

Na jua linaifubaza. Kahawia ile nzuri, usipoipaka mafuta yenye rangi, inageuka kijivu baada ya muda. Haijaoza, imezeeka sura tu. Waswidi walikwepa tatizo hilo kwa akili: ubalozi wao uliofunguliwa mwaka 2006 Georgetown, pale pale kando ya Potomac, una vioo vyenye picha ya mbao ndani yake. Usiku vinawashwa taa, vinang'aa kama mbao ya asali. Miaka karibu 250 baada ya Washington kuifanya mbao ionekane jiwe, mwingine amekifanya kioo kionekane mbao.

La muhimu kwetu Waafrika: mchwa. Joto linamnyima fangasi, lakini mchwa haogopi. Anakula mbao iliyopikwa kama anavyokula nyingine. Kwa hiyo ni mbao ya ukuta, juu ya msingi wa zege. Siyo nguzo ya kuchimbia.

SASA TURUDI NYUMBANI

Mimi ni mzaliwa wa Mufindi. Tumekua tukiona msonobari pande zote. Msitu wa Sao Hill ni shamba kubwa la miti la Serikali kuliko yote Tanzania, na msonobari unaooteshwa kule, patula, asili yake ni Mexico. Wafini nao si wageni huko. Kuanzia mwaka 2014 walishirikiana na Serikali yetu kwenye programu ya Panda Miti Kibiashara kule nyanda za juu kusini. Mti tunao, na nchi iliyoileta njia hii sokoni tumeshafanya nayo kazi. Msonobari wetu tunauza kama kenchi na mbao za kumwagia zege, kisha tunanunua vigae vya kupamba ukuta kutoka nje. Vijana mnaosoma misitu pale Morogoro, mlitafakari hilo.

Moto kwenye mbao si ugeni kwetu pia. Babu yangu alikuwa anachoma ncha za nguzo za uzio mpaka ziwe mkaa kabla ya kuzichimbia. Wajapani wanachoma hivyo mbao za kuta zao tangu zamani. Hiyo inaunguza juu tu, siyo kama kupika mpaka ndani, lakini wazee walikuwa wameshajua kwamba moto unaweza kuwa mlinzi. Baada yao tukaja na oili chafu, kisha na mbao za dawa.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri kuliko kote. Ile dawa ya kijani iliyoondolewa kwenye nyumba za Marekani mwaka 2003 bado inatibu nguzo huku na huko Afrika Mashariki. Nguzo ya umeme ikiwa imesimama barabarani haina ugomvi na mtu. Tatizo ni kipande. Nguzo ikivunjika au ikikatwa, watu wanakimbilia kipande, kwa sababu ni kuni kavu ya bure. Nimeona kwa macho yangu kule kwetu vipande vya kijani vikiwa vimepangwa jikoni, kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha, mama anapika na mtoto mgongoni. Majivu yanakwenda kusugulia sufuria, au kumwagwa kwenye mchicha.

Kumbukeni ile familia ya Wisconsin. Wao walikuwa na dohani.

Mama wa kijijini hajui kwamba kuni hii ni tofauti. Hakuna aliyemwambia. Jasho alilipa mtumwa, misitu walilipa wajukuu, na aseniki analipa mama jikoni. Kwenye orodha hii yote sijaona mwenye nyumba akilipa yeye mwenyewe, isipokuwa kwenye hii ya kupika, ambapo anatoa pesa mfukoni mwake na basi.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, ukimpigia simu mama, shangazi au dada aliyeko huko, baada ya salamu mwulize anapikia kuni gani. Mwambie hivi: mbao au nguzo yenye rangi ya kijani ya dawa haichomwi, hata kipande kidogo, hata mvua zikiwa zimelowesha kuni nyingine zote. Majivu yake hayagusi chombo wala mboga. Kama kuna kipande, kifanyiwe kazi nyingine mbali na chakula na mbali na mikono ya watoto. Inachukua dakika mbili.

Naomba kuwasilisha. Zamu inaanza saa moja jioni, ngoja nikalale kidogo. Wa DMV tuonane, na wa nyumbani nisalimieni wote.